Dola za Sarafu za Marekani: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache

Kabla ya kusoma mwaka, pima uzito. Bei ya dola nyingi kubwa za zamani inaanzia kwenye madini ya fedha yaliyomo, na kinachozidi hapo lazima kiwe na sababu inayoonekana: mwaka, herufi ndogo ya kiwanda kilichoitengeneza, au hali ya sarafu yenyewe. Muuzaji asipoweza kukuonyesha sababu hiyo kwa kidole, lipia madini tu.

Vifaa ni vichache: mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, sumaku, na lenzi ya kukuza mara kumi.

1. Peace, miaka ya 1922 hadi 1925

Ndiyo ya kuanzia. Ina gramu 26.73, kipenyo cha milimita 38.1, na asilimia 90 yake ni fedha, yaani aunsi 0.7734 ya fedha tupu (aunsi ya madini, gramu 31.1). Zidisha namba hiyo kwa bei ya aunsi ya siku hiyo. Tuseme aunsi ni dola 30: sarafu ina fedha ya dola 23.20. Anayekuuzia kwa dola 15 ama hajui alichonacho, ama anajua vizuri sana kwamba si fedha.

Mwaka 1922 kiwanda cha Philadelphia peke yake kilitoa zaidi ya milioni 51, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni adimu. Nje ya miaka hiyo minne, zenye bei ya juu ni ya 1921, ambayo mchoro wake umeinuka zaidi, na ya 1928 isiyo na herufi, zilizotolewa 360,649 tu. Hiyo ya 1928 itazame kwa lenzi upande wa tai, chini ya neno ONE. Wapo wanaokwangua herufi S ya San Francisco ili ionekane ya Philadelphia, na pale huachwa mikwaruzo.

2. Morgan, 1878 hadi 1904, na 1921

Uzito na fedha ni sawa na Peace, lakini wanunuzi ni wengi zaidi, na waongo pia. Anza na ya 1921, maana ndiyo nyingi kuliko zote. Herufi iko upande wa tai, chini ya fundo la shada, juu kidogo ya neno DOLLAR: O ni New Orleans, S San Francisco, CC Carson City, D Denver (1921 tu), na pasipo herufi ni Philadelphia.

Herufi CC hupandisha bei, na ya 1889 ndiyo ghali kupita CC nyingine. Ya 1893-S zilitengenezwa 100,000 tu. Kwa hizo mbili usinunue iliyo mikononi bila kasha la PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu na kuzifunga kwenye kasha lenye namba, na namba ya kasha uihakiki mwenyewe kwenye tovuti yao, kwa kuwa hata makasha hughushiwa.

Kuhusu bandia: nyingi hazishikwi na sumaku, na baadhi zina uzito sahihi. Kipimo kinachozikamata ni maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Morgan au Peace halisi husoma karibu gramu 2.6. Ikisoma 3, hiyo ni aloi ya shaba iliyopakwa rangi ya fedha.

Halafu iinamishe chini ya taa. Mng'ao wa sarafu ambayo haijatumika huzunguka kama spoki za baiskeli. Iliyosuguliwa kwa dawa hung'aa sehemu zote sawasawa, na lenzi huonyesha mistari myembamba inayoelekea upande mmoja. Hiyo bei yake imeshashuka, hata kama inapendeza machoni. Nawe ukishainunua usiisafishe.

3. Silver Eagle, kuanzia 1986

Kwa anayetaka fedha tu: aunsi moja kamili, gramu 31.1, usafi 0.999. Tatizo ni nyongeza juu ya bei ya madini, ambayo mara nyingi huzidi ile ya Peace zilizochakaa.

4. Eisenhower, 1971 hadi 1978

Hapa wengi huliwa. Ni kubwa kama Morgan, lakini nyingi hazina fedha hata chembe: gramu 22.68, na ukingoni kuna mstari wa rangi ya shaba. Zenye fedha asilimia 40 zina gramu 24.59, aunsi 0.3161 ya fedha, na herufi S juu ya mwaka. S peke yake haitoshi, kwani zipo za S zisizo na fedha. Mizani ndiyo hakimu.

5. Ndogo: Susan B. Anthony, Sacagawea na za marais

Zote zina gramu 8.1. Zile za manjano si dhahabu, ni shaba iliyovikwa aloi ya shaba na zinki yenye manganizi. Thamani yake ni dola moja. Mkaazi wa Marekani aziulizie benki. Inayostahili kutafutwa ni ya George Washington ya 2007 yenye ukingo mtupu usio na maandishi. Maandishi yaliyopinduka juu chini si kosa, kwani mashine iliyachapa bila kujali upande.