Aptenia badala ya ukoka, mwaka wa pili Moshono, Arusha: maji nimeokoa, ndago imenishinda

Mbele ya nyumba yangu kuna mteremko wa mita tisa hivi, kati ya baraza na barabara, na jua linaupiga tangu saa nne asubuhi. Nilishapanda majani ya Pemba mara mbili. Vuli yanapendeza, Februari yamekuwa rangi ya katani. Kwetu maji yana siku zake, na siwezi kumwagilia nyasi huku ndoo za jikoni ziko tupu.

Kijana wa kitalu cha kando ya barabara akanionyesha aptenia, mmea wa kutambaa wenye asili ya Afrika Kusini, majani manene yenye umbo la moyo, maua madogo ya waridi iliyokolea. "Mama, hii ukishaipanda unaisahau." Nikachukua viriba 30 kwa shilingi 1,500 kimoja. Kumi vingetosha! Kila pingili inayogusa udongo inatoa mizizi, kwa hiyo unakata kipande cha urefu wa kiganja, unapukutisha majani ya chini, unakiacha kivulini siku moja kidonda kikauke, unachomeka. Hilo hakulitaja, na simlaumu, naye anatafuta riziki.

Nilipanda Novemba, futi moja kati ya mche na mche, nikamwagilia mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza. Hadi Aprili udongo ulikuwa hauonekani, na yale matope yaliyokuwa yakishuka hadi getini kila masika yakapungua sana. Kiangazi kilichofuata nilitumia maji ya kusuuzia mboga tu, ndoo moja au mbili kila baada ya siku kumi. Katikati ya Februari majani yalinywea, yakawa membamba, nikajua ndiyo basi. Nikamwaga maji jioni. Kesho yake mchana yalikuwa yamejaa tena kama hayakuwahi kuumwa.

Kinachonitesa ni ndago. Kishona nguo kinafunikwa kingali kichanga kinakufa, ila ndago inatoboa zulia lote na kusimama juu kama sindano. Ukiivuta unabaki na jani mkononi, kiazi kiko chini kinakucheka. Ukiingiza jembe unang'oa aptenia pamoja nayo. Ningejua, ningepiga jembe uma sehemu yote na kuokota vile viazi kimoja kimoja kabla ya kupanda chochote. Siku hizi nakaa kwenye kigoda Jumamosi na kisu cha zamani, nachokoa.

Kule chini, maji ya bati yanapotuama, iliniozea masika ya kwanza. Shina linakuwa jeusi, ukiligusa linateleza kama bamia. Nimemwaga changarawe, nimepanda upya, mpaka sasa inaenda vizuri.

Kuku wa jirani wanaidonoa, hasa kiangazi wanapokosa kijani kingine. Na mama mkwe alipokuja kututembelea alidhani ni nderema. Nilipotoka ndani alikuwa ameshajaza bakuli, ananiuliza kwa nini mboga nzuri namna hii imeachwa barabarani.

Kama unaitaka kwa ajili ya maua, ujue yanafunguka jua likiwaka tu. Julai, Arusha hii ya mawingu hadi mchana, unaweza kukaa siku kadhaa unaangalia kijani kitupu. Mimi sijali, nyuki wanarudi jua linaporudi.

Na haikanyagiki. Mtoto akikimbilia mpira mara moja si neno, lakini vijana wa taka walikatiza hapo kila wiki mpaka ikabaki njia ya udongo, mashina yamepondwa. Nimetandika mawe bapa matatu, wanapita juu yake. Novemba hii nahamia upande wa pili wa geti kwa vipande vyangu mwenyewe, jembe uma likitangulia.