Huduma ya chila, jengo la ofisi Upanga: nyota 4 kati ya 5

Wadau mnaosimamia majengo hii inawahusu. Mimi nasimamia jengo la ofisi ghorofa nane pale Upanga, tunatumia zile AC za maji ya baridi, yaani chila iko juu ya paa inapoza maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba mpaka kila ofisi, kule yanapita ndani ya koili, feni inapuliza hewa kwenye ile koili na mtu anapata ubaridi wake, maji yanarudi juu yakiwa na joto la ofisi. Miaka minne nimesaini malipo ya servisi bila kuelewa mafundi wanaongea nini.

Mwezi wa pili, na joto la Dar mnalijua, wapangaji wa ghorofa ya sita wakaja juu. Kampuni tuliyokuwa nayo, jina naliacha, wakaangalia dakika kumi wakasema chila imezidiwa, tani hazitoshi, nunueni nyingine. Nikauliza tani za nini? Wakanijibu bosi hayo tuachie sisi. Iliniuma sana, maana chila sio hela ya mchezo.

Ndo jirani wa jengo la pili akaniunganisha na hawa, mafundi watatu kutoka Ilala, kiongozi wao mama mmoja mtulivu hana maneno mengi. Lile swali la tani nikamuuliza tena, akasema hapa hatupimi uzito baba, tunapima kasi ya kuondoa joto, zamani ubaridi ulikuwa wa barafu kwahiyo tani moja ni joto la kuyeyusha tani ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24. Ni kama kilowati 3.5. Ile AC ya ukutani ya BTU 12,000 unayoijua nyumbani, hiyo ndo tani moja. Nilisimama pale paani nikajiona nimefunguka macho.

Halafu akachomeka vipimajoto, bomba la kwenda nyuzi 7, bomba la kurudi 9. Akaniambia tofauti ya hizo mbili inaitwa delta T, na kwa mfumo kama wenu inatakiwa iwe 5 au 6 hivi, sasa maji yanazunguka jengo zima yanarudi hayajabeba kitu, chila ina nguvu ila joto haliifikii. Tukashuka ghorofa ya sita wakafungua dari. Kwenye kila koili kuna valvu ya njia tatu inayoamua maji yapite kwenye koili au yaikwepe, na valvu tisa za ghorofa ile zilikuwa zimeganda upande wa kukwepa! Ghorofa nyingine nazo kadhaa hivyohivyo. Filta ya hewa aliyonionyesha ilikuwa na vumbi nene kama blanketi, na pale insulesheni ilipobanduka bomba linatoka jasho linadondokea dari, kumbe yale madoa tuliyokuwa tunayapaka rangi kila mwaka yalitoka hapo.

Siku tatu wakamaliza. Maji yanarudi na nyuzi 12, ghorofa ya sita wanavaa masweta, chila ni ileile.

Alinieleza pia kwamba yetu inapozwa kwa hewa, feni za pale juu ndo zinatupa nje joto la kondensa, ile sehemu ya chila inayotoa joto, ila wenye mnara wa kupozea, yaani kondensa yao inapozwa kwa maji, maji hayo yanapungua kwa mvuke kila siku, lazima waongeze na kutia dawa, na ukiongeza maji ya kisima ya huku pwani yenye chumvi mirija ya kondensa inajaa magamba. Wenye minara sikieni hilo.

Nyota moja nimekata kwasababu siku ya kwanza waliahidi saa mbili asubuhi wakafika saa sita, na bodi za dari waliziacha na alama za mikono nikamuita mtu wa usafi. Ila ripoti wameniandikia Kiswahili, kila namba na maana yake, nimeibandika chumba cha pampu. Servisi ya mwezi wa nane nimeshawapa wao.