Chupa ya kuosha pua: nusu mwaka wa vumbi na nyasi Nakuru

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru, na Januari ndiyo msimu wangu. Shule zinafunguliwa, sare zinashonwa usiku na mchana, na ndio wakati uleule kiangazi kinapokausha kila kitu na upepo wa alasiri kuingiza vumbi hadi ndani ya bobini. Chafya saba, nane kwa mpigo, kamasi jepesi kama maji, kaakaa linawasha hadi natamani kulikuna kwa kijiko. Wateja hunipa pole ya homa. Homa gani hii ya wiki sita, na mwili hauna joto?

Miaka mingi nilimeza vile vidonge vidogo vya manjano ambavyo havikosi kwenye droo ya nyumba yoyote Kenya. Pua inakauka kweli, lakini vinalaza. Mwaka jana nilishona kola ya shati la shule ndani nje, nikaifumua, nikaishona ndani nje tena. Setirizini, dawa nyingine ya mzio, ni afadhali, miligramu 10 mara moja kwa siku, nami humeza usiku. Ila kidonge hakiondoi vumbi lililokaa puani, kinaubembeleza tu mwili usililalamikie.

Ndipo mfamasia mmoja mjini akanionyesha hii chupa: plastiki laini, mililita 240, mdomo wa kuziba tundu moja la pua, na pakiti 30 za chumvi iliyochanganywa na magadi ya kuokea. Nililipa shilingi 1,650, nikatoka nikijiuliza kama nimeuziwa chupa ya sosi. Mzee anayeshona kanzu kibanda cha pili alicheka. "Mama, hilo ndilo jipya? Sisi twapandisha maji puani kila tukitia udhu." Kweli, lakini ya udhu ni ya kiganja. Haya ni karibu robo lita, yanaingia kulia, yanazunguka huko nyuma na kutokea kushoto.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilidhani pakiti ni za urembo, nikatumia maji matupu, yakanichoma kama mtu anayezama. Maji ya kuosha pua yanatakiwa yalingane na chumvi ya mwili, kama gramu 9 kwa lita, na hiyo ndiyo kazi ya pakiti. Halafu nikarudi kazini mbio. Dakika ishirini baadaye nikainama kumpima mteja urefu wa suruali, na maji yaliyokuwa yamejificha yakamwagika yote juu ya kiatu chake. Alikuwa muungwana. Nilimpunguzia mia mbili.

Siku ya pili nilifuata maelekezo: maji ya uvuguvugu, kichwa juu ya karai na kimegeuzwa kando, napumua kwa mdomo, nabonyeza polepole. Kilichotoka sitawaeleza, huenda mnakula, ila kilikuwa na nyuzi za buluu za sweta za shule. Hapo niliamini.

Adha ni maji. Ya bomba moja kwa moja, hata siku moja. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri. Ni nadra sana, lakini akipandia puani huingia ubongoni, na karibu wote wanaompata hufa. Kwa hiyo jioni nachemsha, yatokote dakika tatu, nafunika yapoe. (Floraidi ya maji yetu haitoki kwa kuchemsha, meno ya Nakuru ni mashahidi, lakini hiyo ni kesi ya meno.) Gesi ikiisha, siku hiyo pua haioshwi.

Baada ya wiki mbili chafya za asubuhi zilipungua sana, vidonge vikawa vya siku mbaya tu. Macho hayakufaidika chochote, yaliendelea kuwasha. Na mvua za masika zilipootesha nyasi, kufika Juni zinachanua, maji peke yake yalishindwa kabisa. Hapa watu hulaumu jakaranda kwa kuwa maua yake yanaonekana. Anasingiziwa: chavua yake hubebwa na nyuki, ilhali ya nyasi husafiri na upepo. Mfamasia aliniongezea dawa ya kupuliza puani ya flutikasoni, ya kutuliza uvimbe wa mzio. Naosha kwanza, kisha napuliza nikielekeza upande wa nje, si kwenye ukuta wa katikati, maana huko inaweza kuleta damu. Haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja siku tano hivi kabla ya kuhisi tofauti. Alinikataza yale matone ya kuzibua pua kuzidi wiki, kwani ukizoea, pua huziba zaidi ukiyaacha.

Lawama yangu kubwa ni pakiti. Asubuhi na jioni, 30 ni siku 15. Nilizunguka kemisti tatu nikazikosa, mwisho zikaja na matatu kutoka Nairobi, nauli juu. Chupa nayo nabadilisha kila miezi mitatu, na hakuna anayekuuzia chupa bila kukuuzia pakiti tena. Kifua changu hakibani. Anayebanwa kifua asinisikilize mimi, aende kliniki.

Nyota nne. Mume wangu ameanza kuiulizia chupa yangu. Nimemwambia anunue yake, hiki si kitu cha kuazimana, ni kama mswaki. Amesema atangoja ile ya zamani nikiitupa.