Tyubu ya tetrasaiklini kwa ukope uliovimba: inapofaa na inapopoteza pesa yako

Mtu akiamka ukope umevimba, safari ya kwanza ni duka la dawa, na kinachowekwa kwenye kaunta bila maswali mengi ni tyubu ndogo ya tetrasaiklini ya macho ya 1%. Ni dawa nzuri, tena haina bei kubwa. Ndiyo hiyo hiyo inayopakwa kwa vikope (trakoma) mara mbili kwa siku kwa wiki 6, na watoto wachanga hupakwa mara moja wakizaliwa. Shida ni kwamba inaua bakteria tu, na kope nyingi zinazovimba hazikuvimbishwa na bakteria.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jiulize: kunauma au kunawasha? Jicho moja au yote mawili?

Kukiwa na kipele chekundu chenye maumivu ukingoni mwa ukope, jirani na nywele, hiyo ni chokea. Bakteria wameingia kwenye tezi ndogo na kutengeneza jipu. Kivimbe kigumu cha mviringo kisichouma, kilichokaa wiki kadhaa, ni kalazioni: tezi ya mafuta imeziba na mafuta yameganda ndani yake. Hapo hakuna wa kuuawa na antibayotiki. Kope zote mbili zikivimba na kuwasha mpaka unatamani kusugua, hasa baada ya wanja mpya, gundi ya kope za bandia au vumbi, ni mzio. Kingo zikiwa na magamba kama mba yaliyoshika nywele za kope, na hali hiyo ikirudi kila baada ya muda, ni ukingo wa ukope wenyewe uliowaka, na dawa yake kubwa ni usafi wa kila siku.

Msimu wa mvua huja na Nairobi fly, mbawakawa mwembamba mwekundu na mweusi. Hang'ati. Ukimponda kwenye ngozi anaacha sumu, kisha mkono unaipeleka jichoni, na kesho yake ukope umevimba na ngozi inachoma kama imeunguzwa. Mpulize aruke, usimpige. Kama umeshamponda, osha ngozi na mikono mara moja kwa sabuni na maji mengi. Tyubu haiondoi sumu hiyo.

Sasa tuipime tyubu yenyewe. Kwa matongotongo mazito ya njano yanayogandisha kope asubuhi, tunaipa alama ya juu. Kwa chokea ni ya wastani, kwa sababu dawa inabaki juu na haifiki ndani ya jipu. Inachosaidia ni kuzuia usaha ukipasuka usiambukize tezi za jirani. Kwa kalazioni na mzio, sufuri.

Ukinunua, soma tyubu vizuri. Iandikwe 1% na kwamba ni ya macho, maana kuna tetrasaiklini ya 3% ya ngozi, na kwa haraka tyubu hizo hufanana. Nawa mikono, tazama juu, vuta ukope wa chini utengeneze kijimfuko, kamua mstari wa kama sentimita 1 bila ncha kugusa jicho wala nywele, kisha fumba kwa dakika moja. Utaona ukungu kwa muda, kwa hiyo usipande pikipiki wala kushika usukani mpaka uishe. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu na uitupe baada ya wiki 4. Tyubu moja ni ya mtu mmoja, hata kama ni ndugu wa kitanda kimoja.

Lakini kwa chokea na kalazioni, tiba inayofanya kazi kubwa haiuzwi dukani: ni kitambaa cha moto. Wengi wakisema wamejaribu kikashindwa, ukiwafuatilia utakuta waliweka kitambaa mara moja kikapoa. Kitambaa chembamba hupoteza joto ndani ya dakika mbili tu, na mafuta yaliyoganda hayayeyuki kwa joto la dakika mbili. Fanya hivi: maji ya moto kwenye chupa ya chai, bakuli, na vitambaa viwili safi vya pamba. Changanya na ya baridi mpaka maji yawe ya moto ambayo sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono inayavumilia bila kushtuka. Loweka, kamua, weka juu ya jicho lililofumbwa. Kingine kiwe tayari ndani ya bakuli; badilisha kila baada ya dakika mbili, ukiongeza maji kutoka kwenye chupa, mpaka zitimie dakika 10. Papo hapo, kabla ukope haujapoa, sugua taratibu kwa kidole safi kuelekea kwenye nywele: ukope wa juu kwenda chini, wa chini kwenda juu. Rudia mara 3 au 4 kwa siku. Yai la moto lililochemshwa liache jikoni. Ngozi ya ukope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini na huungua upesi. Na chokea haiminywi, hata ikionyesha kichwa cheupe.

Mzio ni kinyume chake: kitambaa cha baridi, acha kipodozi kilichouanzisha, na mtu mzima anaweza kumeza setirizini miligramu 10 kwa siku.

Bidhaa tunayoikataa ni matone yenye deksamethasoni yanayouzwa bila cheti. Yanatuliza wekundu haraka, ndiyo maana watu huyapenda. Yakitumika kwa wiki nyingi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kama kidonda kilichopo ni cha virusi vya hepesi, huwa kibaya zaidi. Yaandikwe na daktari wa macho aliyekupima.

Chokea nyingi hupona ndani ya wiki 1 au 2. Kalazioni ikipita miezi miwili, kliniki ya macho huipasua kutoka upande wa ndani wa ukope kwa ganzi. Kwa mtu wa umri mkubwa, kivimbe kinachorudi palepale au kinachodondosha nywele za kope kikatwe kipande kipimwe saratani. Mtoto ambaye macho yote huamka yamevimba, na miguu nayo ikijaa, apimwe mkojo na figo. Na ukope mwekundu wenye homa, jicho linalouma likigeuzwa, linalotokeza nje au kuona mbilimbili: hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku huo huo.