Kuchapisha mkataba steshenari Arusha mjini: herufi moja inavyobeba kiwanja

Anayeuza kiwanja, anayepangisha fremu au anayekopesha fedha mjini Arusha mara nyingi haanzii kwa wakili. Huanzia steshenari: meza, kompyuta, printa, mashine ya kopi, na kijana anayechapa bila kuangalia kibodi. Ziko tele, kuanzia Mnara wa Saa kushuka Barabara ya Sokoine, kuzunguka stendi na jirani na mahakama. Hapa tunazipima kama huduma moja, kwa sababu zinafanana kuliko zinavyotofautiana, na tunachopima ni maneno yanayotoka kwenye printa.

Mwendo wao ni mzuri. Mkataba wa kurasa mbili hauchukui muda mrefu, karatasi hutoka safi, na mchapaji aliyezoea hujua mpangilio: majina ya pande mbili juu, maelezo ya mali katikati, saini na mashahidi chini. Kwa barua ya maombi ya kazi au tangazo la chumba cha kupanga, huduma hii inatosha kabisa.

Wepesi huo unatokana na sampuli. Mchapaji haandiki mkataba upya. Hufungua wa mteja aliyepita na kubadilisha majina. Jina la juu hubadilika, la ukurasa wa pili husahaulika, na kiwanja cha Olasiti hujikuta kimeelezwa kwa mipaka ya kiwanja cha mtu mwingine. Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kuprinti, mwombe mchapaji abonyeze Ctrl na F, kisha atafute jina la mteja wa zamani, mtaa wake na kiasi chake cha fedha. Sampuli nyingine zimetafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu aliyekuwa na haraka, na hizo zinatambulika kwa maneno kama “chama cha kwanza” mahali pa “upande wa kwanza”. Ukikutana na chama kwenye mkataba wa kuuza shamba, usihangaike kuurekebisha. Omba uchapwe mwingine. Hakuna sababu ya kung’ang’ania sampuli yenye harufu ya Kiingereza, kwani tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini.

Sasa herufi. Kiswahili hubeba mambo makubwa kwa herufi moja, na hapo ndipo steshenari nyingi huanguka. “Amelipa” na “amelipwa” vinatenganishwa na w tu, lakini aliyetoa fedha na aliyepokea wamebadilishana nafasi. “Mnunuzi hana deni” na “mnunuzi ana deni” vinatenganishwa na h, herufi ambayo wengi wetu tunaidondosha tukiongea, na mchapaji anayechapa kwa kusikiliza huandika alichosikia. Vivyo hivyo “hatadai” na “atadai”. Kompyuta haimsaidii: programu isiyo na kamusi ya Kiswahili hupigia kila neno mstari mwekundu, naye huzima mistari hiyo ili aone vizuri. Hata kamusi ingekuwepo isingesaidia hapa, maana “ana” na “hana” yote ni maneno sahihi. Ndiyo maana sentensi inayobeba fedha isiachwe ining’inie kwenye herufi moja. Badala ya “mnunuzi hana deni”, dai iandikwe: “Bei yote ya shilingi 4,000,000 imetolewa na mnunuzi na kupokelewa na muuzaji leo; deni lililobaki ni sifuri.” Hapo hata h ikipotea, maana haipotei.

Fedha zenyewe zina mtego wake. “Laki tatu na hamsini” sokoni Kilombero ni 350,000, na hakuna anayebisha. Kwenye karatasi, msomaji mkorofi anaweza kuisoma 300,050. “Milioni moja na mia mbili” nayo ni hivyo hivyo: 1,200,000 kwa mdomo, 1,000,200 kwa anayetafuta mwanya. Andika kwa tarakimu na kwa maneno kamili, “shilingi laki tatu na elfu hamsini”, na hakikisha tarakimu na maneno vinasema kitu kimoja. Sampuli ikitumika tena, mara nyingi tarakimu hubadilishwa na maneno yakabaki ya mteja wa jana.

Yapo maneno ambayo yenyewe yana nyuso mbili. “Kuazima” husemwa kwa anayetoa na kwa anayechukua. “Kukodisha” wengi hulitumia wakimaanisha kukodi. Usiyategemee, taja watu kwa nafasi zao tangu mstari wa kwanza, mkopeshaji na mkopaji, mwenye nyumba na mpangaji, kisha andika nani anatoa nini na nani anapokea. Baya zaidi kwenye mikataba ya fremu ni “kodi”. Sentensi “kodi italipwa na mpangaji” inaweza kumaanisha pango la kila mwezi, kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokatwa kwenye pango, au kodi ya majengo ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU. Hayo ni mambo matatu, na yanaweza kuangukia mifuko tofauti. Andika “pango” ukimaanisha pango, na kila kodi itajwe kwa jina lake.

Vipimo vya ardhi vinastahili muda kuliko kitu kingine chochote, na ndivyo vinavyopewa muda mfupi kuliko vyote. Viwanja vingi visivyopimwa pembezoni mwa Arusha huuzwa kwa hatua, na mchapaji huandika “hatua 20 kwa 30” kama alivyoambiwa. Hatua ya nani? Ya sentimita 75 hutoa mita 15 kwa 22.5, yaani mita za mraba 337.5. Ya sentimita 90 hutoa 486. Anayehesabu hatua kuwa mita kamili anatarajia 600. Neno ni lile lile, na kati ya mfupi na mrefu kuna nafasi ya nyumba nzima. Nendeni na futi kamba kabla ya kufika steshenari, mpime pande zote nne kwa mita, na mpime pia ulalo, kona hadi kona. Pande nne peke yake hazifungi umbo; kiwanja kinaweza kuegemea upande na urefu wa kila upande ukabaki vile vile. Ulalo ndio unaokifunga.

Halafu kuna “juu” na “chini”. Kwenye miteremko ya Meru watu huelekezana kwa mlima: upande wa juu ni mlimani. Mchapaji wa mjini, ambako mlima uko kaskazini, huandika “kaskazini” bila kuuliza. Ukiwa Usa River, mlima uko kaskazini magharibi, na kiwanja chenye mpaka wa “juu” kinageuzwa kwenye karatasi. Taja dira ikiwa mmeipima. Kama hamjaipima, taja kitu kisichohama, kama vile mfereji, barabara au jina la jirani, na jirani huyo atie saini. Kwenye shamba lenye migomba na kahawa, andikeni pia kama mazao yaliyopo yanakwenda na ardhi, na nani ana haki ya maji ya mfereji. Sampuli nyingi husema “pamoja na vyote vilivyomo”, na maji ya mfereji hupita tu, hayamo.

Saa huharibika pale sampuli ya Kiingereza inapotumika: saa nne asubuhi huchapwa “saa 10:00 asubuhi”, na kwa Kiswahili hiyo ni alfajiri. Muda wa malipo nao uwe tarehe. “Ndani ya miezi mitatu” haisemi hesabu inaanza lini.

Vitambulisho vikaguliwe kwa jicho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikigongana na umri wa mtu aliyeketi mbele yako, namba imechapwa vibaya au kuna la kuuliza. Kama kinachouzwa ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka ridhaa ya mwenzi. Steshenari nyingi humweka mke kwenye mstari wa “shahidi”. Shahidi ameona, mwenye ridhaa amekubali. Awe na mstari wake, wenye neno “ridhaa”. Kwa ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji nayo ina nafasi yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na muhuri wa steshenari hauwezi kuijaza.

Kinachotenganisha steshenari nzuri na ya kawaida ni mambo mawili. Skrini imegeuzwa ili mteja aone kinachochapwa, na mchapaji yuko tayari kusoma mkataba wote kwa sauti, taratibu, kabla ya kuprinti. Ukikuta vyote viwili, lipa hata kama ukurasa wake ni ghali kidogo. Kusoma kwa sauti hufichua “amelipwa” ambayo jicho liliruka. Mzee akiwa anaelewa zaidi Kimeru au Kimaasai, mkataba usemwe kwa lugha hiyo na aliyetafsiri aandike jina lake na kutia saini, chini ya maneno yanayosema amesomewa na ameelewa. Bila hayo, dole gumba ni wino tu. Hapo steshenari za Arusha hazifanyi vizuri: nyingi huchapa “nimesoma na kuelewa” kwa mtu asiyejua kusoma, kwa kuwa ndivyo sampuli inavyosema.

Kwa ardhi, tumieni steshenari kuchapa rasimu, msitie saini pale mezani. Pelekeni rasimu kwa wakili, rudini na masahihisho, printeni nakala tatu, na kila upande utie saini kila ukurasa, kwa sababu ukurasa wa kwanza usio na saini hubadilishwa kirahisi. Elewaneni mapema kama masahihisho yanalipiwa upya.

Kabla ya kuondoka, omba faili lihamishiwe kwenye flashi yako na lifutwe kwenye kompyuta, pamoja na kwenye pipa lake la takataka. Likibaki, ndilo sampuli ya mteja wa kesho, na jina lako litakuwa kwenye ukurasa wake wa pili.