Taa za sensa kwenye nyumba yenye paka: angalia jicho kabla ya bei

Mwezi uliopita nilitoka Kariakoo na balbu sita za sensa, zile zinazojiwasha zikihisi kitu kinasogea, za korido na vyooni. Muuzaji aliniapia: "Dada, hizi zinawaka kwa mtu tu, paka hazimwoni." Usiku wa kwanza, saa nane, korido ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena. Nikatoka, nikamkuta paka katikati ya vigae anajilamba mguu, na kila akiinua kichwa taa inawaka. Nikamfungia jikoni. Taa ikaendelea kuwaka, akiwa nyuma ya mlango uliofungwa! Mwanangu wa miaka minne hakulala vizuri wiki nzima, maana mwanga unampenyea chini ya mlango.

Umeme sio unaoniuma. Balbu ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa kumi kila usiku, hata siku kumi haimalizi yuniti moja ya LUKU. Kinachoniuma ni usingizi.

Kwa hiyo wati na rangi ya mwanga sitavigusa. Dukani uliza jambo moja: sensa hii inaonaje, na je, naweza kuiziba isione sakafu?

Balbu zangu zilikuwa za rada. Rada hutoa mawimbi yanayopenya mlango wa mbao, jipsamu na kioo, na kwa kuwa imefichwa ndani ya balbu huna pa kuziba wala kurekebisha. Aina ya pili ni PIR, inayohisi joto la mwili linalosogea. Hiyo haipenyi hata kioo cha dirisha. Utaijua kwa jicho lake jeupe la plastiki lililobinuka, lenye vimistari kama vigae vidogo. Balbu laini isiyo na jicho, muombe muuzaji aiwashe, kisha pungia mkono nyuma ya kipande cha mbao. Ikiwaka, irudishe.

Namba moja kwangu, na sifichi mapenzi, ni sensa ya Philips Hue. Ni PIR, inatumia betri mbili ndogo za AAA, inashikwa kwa sumaku hivyo unaigeuza utakavyo, na ukali wake unaupunguza kwenye simu. Niliagiza kwa ndugu aliyekuwa anatoka Dubai. Ni ghali, maana inataka pia balbu za Hue na kifaa chake cha Bridge kinachoziunganisha. Nimeiweka usawa wa kifua, nusu ya chini ya jicho nimeibandika tepu nyeusi. Paka anapita chini yake gizani, mimi nikipita inawaka. Ila iwe mbali na kabati au dirisha analopenda kurukia, la sivyo atalifikia lile jicho kwa juu.

Namba mbili ni sensa ya PIR ya ukutani, inayofungwa na fundi umeme, yenye vitufe vitatu vya kuzungusha: SENS (ukali wa sensa), TIME (muda wa taa kukaa ikiwaka) na LUX (giza kiasi gani ndipo iwake). Tepu inafanya kazi vilevile. Msimamie fundi kwenye SENS. Joto la Januari hapa Dar hufanya ukuta ukaribiane na joto la mwili, sensa inakuwa nzito, naye anaizungusha mpaka mwisho. Ikifika Juni na ubaridi wake, paka ndiye mwenye taa. Acha katikati.

Vitaa vya kuchaji vya kubandika, kama vina jicho, vinafaa ndani ya kabati la nguo. Basi.

Balbu za rada ziishie kibarazani.

Nilirudi dukani na risiti. Nikaoneshwa maandishi yaliyo chini yake: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikasema sikuja kurudisha kwa kubadili mawazo, nimeambiwa haioni paka na inamwona hadi nyuma ya mlango. Akanijibu kwamba paka wangu ni mkubwa sana. Paka ana kilo tatu na nusu! Mtu anauza sensa kutwa nzima, hajui rada na PIR, na boksi limeandikwa Radar kwa herufi kubwa ubavuni. Hela yangu haijarudi mpaka leo.