Miaka mitatu na Hilux 5L ya mtumba, na maoni yangu kuhusu Z, 86 na Supra mpya

Nianze na gari ninayolala na kuamka nayo. Hilux singo kabini ya 2004, injini 5L, nyeupe, namba KAS, nilinunua kwa mtu hapa hapa Mombasa miaka mitatu sasa kwa laki saba na themanini. Kazi yake ni maji ya kunywa, napeleka mitungi ya lita 20 kutoka Mshomoroni hadi Kibokoni na Makadara, na kama hujawahi kupiga hesabu hiyo, mitungi 50 ikijaa ni tani moja kamili, hapo hujamhesabu dereva na turniboi. Halafu mimi huyo huyo ni mgonjwa wa magari ya spoti tangu utotoni, kila modeli mpya ikitoka lazima niangalie video zake zote, na watu huniuliza hivi vitu viwili vyakaaje kwa kichwa kimoja. Vyakaa vizuri sana, manake pikapu ndo imenifunza kuangalia gari.

Kabla ya hii niliangalia nyingine nne. Ya kwanza ilikuwa kwa yadi moja, jina silitaji, imepigwa polishi hadi wajiona uso kwa boneti, viti vipya, taa mpya, bampa ya kromu, mimi moyo ukaanza kwenda mbio nikajiona nishanunua. Fundi wangu wa Magongo, mzee wa miaka sitini na kitu, hiyo sura hakuitazama hata. Alitandika gunia akaingia chini na tochi na bisibisi, akaanza kuigonga chesisi kidogo kidogo, ti ti ti, alipofika pale nyuma gurudumu la spea linaponing'inia mlio ukabadilika ukawa mzito kama unagonga mbao mbichi. Akasukuma bisibisi, ikazama. Chuma kishakuwa biskuti, juu yake kimechomelewa kipande cha bati, halafu bati likapakwa rangi nyeusi ya lami lisionekane. "Mwanangu, hii ilikuwa ya samaki," akaniambia akiwa bado chini. Nikamuuliza, mzee wajuaje? Akanieleza ile barafu ikiyeyuka kwa kreti maji yake ya chumvi yatiririka kwa bodi yaingia ndani ya chesisi na hayana pa kutokea, yakaa humo yanakula polepole. Hapa kwetu hata gari ambayo haijawahi kubeba samaki mmoja upepo wa bahari pekee yake waila, sembuse hiyo. Odometa ilisoma kilomita elfu 98 na mpira wa pedali ya klachi umelika hadi chuma chaonekana, yaani hizo kilomita zilikuwa za uongo. Tukaondoka, na yule muuzaji akanipigia simu wiki nzima.

Hii yangu ilikuwa mbaya usoni. Mlango wa kushoto una bonde, boneti rangi imebabuka, dashibodi imepasuka kwa jua. Lakini chesisi iliitikia bisibisi vizuri mwanzo mpaka mwisho. Tulienda saa kumi na mbili asubuhi makusudi, kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuipasha moto, ikawashwa ikiwa baridi ikashika mara moja, fundi akafungua kifuniko cha oili akaweka kiganja juu, hakuna moshi wa kupuliza. Akafungua rejeta akaangalia kama maji yana mafuta manake hedi ya 5L, kile kipande cha juu cha injini, haipendi joto kabisa, ikichemka vibaya ni rahisi kupasuka na hapo ushaingia gharama. Nikafanya sachi ya logibuku, jina likalingana na kitambulisho, nikalipa.

Sasa miaka mitatu imesemaje. 5L ni dizeli ya cc 2986, haina turbo, haina mambo mengi ya umeme. Haikimbii, nisiwadanganye, ukipanda Mazeras na mzigo hata lori litakuwa mgongoni mwako linapiga honi. Lakini yavuta kutoka chini kabisa, waachia klachi taratibu gia ya kwanza na mitungi 50 nyuma, yaondoka bila kuguna. Nimebadilisha taimingi belti (kila kilomita laki moja, na ukinunua ya mtumba badilisha siku hiyo hiyo usiamini maneno ya mtu), klachi seti, nozo, bushi na majani mawili ya springi. Hakuna spea niliyolala nikiingoja, zote nimezipata siku hiyo hiyo kisiwani. Ubaya wake: joto la mchana ndani ya kabini bila AC wallahi ni adhabu, kelele nyingi, na breki za nyuma zataka kurekebishwa kila mara. Bado nampa mtu ushauri wa kuinunua, mradi aanzie chini.

Na hapo ndo naingia kwa spoti. Sheria yetu ya gari ya mtumba kuingia nchini ni isizidi miaka 8 tangu mwaka iliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Maana yake modeli mpya ikizinduliwa leo Japani, wengi wetu huku tutaiona ikishuka Kilindini ikiwa ishatumika miaka sita, saba. Kwa hivyo mimi sura mpya siiangalii kama mtu aliyekaa shorumu, naiangalia kama yule mzee chini ya gunia: hii taa, hili tundu, hiki kioo cha kugusa cha katikati, baada ya miaka saba kitakuwa wapi?

Nissan Z ya 2022 ndo imenifurahisha kuliko zote. Kuna watu waliilalamikia kwamba chini ni ile ile 370Z iliyoitangulia, na ni kweli, hata namba yake ya modeli ni RZ34 wakati 370Z ilikuwa Z34. Mimi naona hapo ndo walipofanya akili. Chini waliacha kitu kilichozoeleka, juu wakaweka injini ya V6 lita 3 turbo mbili farasi 400, gia za mkono sita bado zipo, na zile geji tatu ndogo juu ya dashibodi wakaziacha. Taa za mbele zimekatwa kama nusu duara mbili kukumbusha Z za zamani, za nyuma zimetoka kwa 300ZX ya miaka ya 90. Halafu sisi Wakenya hii gari yatuhusu, si mambo ya mbali. Datsun 240Z, ndo Z ya kwanza ya Nissan hao hao, ilishinda mbio za East African Safari 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta wetu, na hiyo ya 73 Mehta alimaliza sawa kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa pia kwa Datsun, wakamtafuta mshindi kwa nani alienda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi. Marehemu baba alikuwa akituhadithia habari za hiyo Z hadi chai inapoa, yaani gari ya spoti, chini chini, milango miwili, imepigwa na matope na mawe ya Kenya, Uganda na Tanzania na ikarudi nyumbani imeshinda. Sasa mtu akichora Z mpya akaikumbuka ile Z ya 1971, mimi namheshimu.

Toyota 86 nayo nimeiendesha kwa mikono yangu, ya binamu yangu anakaa Nyali, ile ya kwanza ya lita 2, gia za mkono. Alinipa Jumapili moja baada ya swala ya alfajiri barabara ikiwa tupu. Usukani ule, mashallah, ni kama umeshika tairi zenyewe, mchanga mdogo tu barabarani wausikia vidoleni. Unakaa chini, makalio yako yajua gari inafanya nini kabla ya macho. Lakini kuna kitu kilinikera na nilikigundua mapema sana kwa sababu nimezoea dizeli. Ukiwa gia ya tatu, mshale wa rev (mizunguko ya injini kwa dakika) umepita elfu tatu, wakanyaga, na gari kama imevuta pumzi ikasahau kuitoa. Kuna shimo pale katikati. Inabidi uishindilie hadi juu, elfu sita na kitu, ndo nguvu zote zije, na kwa barabara zetu zenye matuta kila mita mia utafika saa ngapi huko juu? Basi GR86 iliyotoka 2021 wakaweka lita 2.4, na nguvu za kuvuta zikapanda kutoka 205 hadi 250 kwa kipimo cha Nm, na zaja kwenye rev 3700 badala ya kungoja elfu sita. Uzito haukupanda vile watu walivyoogopa. Sura ilibadilika kidogo tu, wengine wakasema imepoa, mimi naona huko ndo kubadilisha gari kwa kweli, umesikia mteja analia wapi ukaweka mkono hapo hapo.

Mazda nao kwa MX-5 walifanya kitu wachache wana moyo nacho, modeli ya 2015 ilipunguza kama kilo mia moja kutoka ile iliyotangulia. Gari nyingi zikibadilishwa zanenepa.

Supra ndo inaniumiza. Toyota GR Supra ya 2019 injini yake ni silinda sita kwa mstari, lita 3, turbo, ya BMW, na iliundwa Graz kule Austria pamoja na BMW Z4. Injini siipingi, ni nzuri, na watu wakilia kwamba si 2JZ, injini ya Supra ya zamani, nawaelewa lakini nawaambia Supra hiyo ilikuwa ya 1993 na dunia imetembea. Kilio changu ni matundu. Angalia mlangoni, angalia boneti, angalia pembe za taa, kote kuna matundu ya hewa yaliyozibwa kwa plastiki. Hewa haipiti. Walieleza kwamba mtu wa mashindano anaweza kuyafungua, haya, lakini sisi wengine tumenunua mapambo. Tundu kwa gari ni la kupoza breki au kupoza rejeta, likizibwa ni sehemu ya kukaa vumbi na chumvi, na mimi nishaona chumvi ikikaa mahali miaka saba inafanya nini. Ile ya zamani mwili wake ulikuwa laini kama jiwe la pwani lililosuguliwa na maji, hata leo ukiiona huoni kitu cha kuondoa. Gia za mkono nazo walizileta 2022, miaka mitatu baadae, baada ya watu kuziomba sana.

Wanaopenda Subaru pia wana somo hapa, nenda Lighthouse Jumapili jioni kaa na kachri zako uangalie zinavyoingia. Impreza ya 2000 ilitoka na taa za mviringo, watu wakaikataa, mwisho wa 2002 wakabadilisha uso, 2005 wakabadilisha tena. Nyuso tatu, mwili mmoja. Nishaziona zote tatu zimepaki mstari mmoja, na ukiziangalia kwa ubavu huwezi kusema ipi ni ipi.

Hilux yenyewe ilibadilishwa 2015, uso mkali, kioo cha kugusa ndani, injini mpya za 2.4 na 2.8 zenye turbo. Nimepanda ya rafiki yangu, tulivu, AC yagandisha, nikatamani. Lakini ikianza kuuzwa mara ya tatu, ya nne, kwa watu wa maji na wa samaki, hapo ndo nitajua.

Binamu yangu sasa yuataka kuiuza 86 yake aagize GR86 ya gia za mkono. Nimemwambia asilipe kitu kwa picha za mtandaoni pekee, aitishe picha za chini ya gari kwanza, na siku ikishuka Kilindini anipigie hata kama ni usiku. Nitakuja na yule mzee wa Magongo, gunia, tochi na bisibisi.